Kingsbury, London: mtaa wa kumuonesha mtoto kazi ya mkono

Likizo ya skuli ikifika na joto la Muscat, Dubai na Doha likipanda, familia nyingi zetu hukata tikiti za London. Safari zenyewe twazijua: Oxford Street siku ya kwanza, Knightsbridge siku ya pili, bustani ya Hyde Park jioni, na siku ya nne watoto wameshaanza kuuliza nenosiri la intaneti la hoteli. Wazazi wamechoka, mifuko imejaa, na ukimuuliza mtoto ameona nini London atakutajia maduka ambayo yako pia hapo kwao.

Makala haya yanapendekeza siku moja au mbili za namna nyengine. Tunakwenda Kingsbury, mtaa ulio kaskazini magharibi ya London, ndani ya wilaya ya Brent. Haumo katika vitabu vingi vya watalii. Lakini kwa mtu anayependa nakshi, mbao, mawe na namna vitu vinavyotengenezwa, na khasa kwa mtu wa asili ya Unguja, Mombasa au Lamu anayeishi Ghuba, Kingsbury ina mengi ya kuonesha.

Kituo kimoja baada ya Wembley Park

Wengi wetu tunakijua kituo cha Wembley Park kwa sababu ya uwanja wa mpira na maduka ya bei nafuu yaliyo karibu nacho. Usishuke. Baki ndani ya treni ya Jubilee kituo kimoja zaidi ukielekea Stanmore, utafika Kingsbury. Kutoka Baker Street hubadilishi treni, na safari haifiki nusu saa. Watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi nauli ya treni za chini ya ardhi wakiwa na mtu mzima, hadi watoto wanne kwa kila mtu mzima mmoja. Kwa familia zetu, hiyo si nafuu ndogo.

Kituo cha Kingsbury kilifunguliwa mwaka 1932. Zamani sehemu hii ilikuwa mashamba na njia za vichochoro. Baadaye zikaja nyumba, na nyumba ndizo zilizoleta mafundi. Hapo ndipo hadithi yetu inapoanza.

Nyumba za nyasi na ngome za Buck Lane

Ukitembea kutoka kituoni kuelekea Buck Lane na Slough Lane, utakutana na kitu ambacho mtoto hatakitarajia kukiona London: nyumba zenye paa la nyasi kavu. Zilisanifiwa na Ernest Trobridge, msanifu aliyezaliwa Belfast mwaka 1884 na aliyefariki mwaka 1942. Kazi zake nyingi ziko hapa hapa Kingsbury.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba. Matofali yalikuwa ghali, na mbao zilizokaushwa vizuri zilikuwa adimu. Trobridge akabuni njia ya kujengea mbao mbichi za mti uitwao elm, mti uliokuwa ukipatikana kwa wingi nchini mwao wakati ule. Mwaka 1920 aliionesha nyumba yake ya mbao katika maonesho makubwa ya nyumba pale Olympia, London. Kisha akaja kujenga Kingsbury.

Mtu wa pwani ataielewa fikra hiyo mara moja. Wazee wetu walijenga kwa kile kilichokuwepo: boriti za mikoko, mawe ya matumbawe, chokaa, makuti. Hawakuagiza kutoka mbali kitu ambacho kiko nyuma ya nyumba. Mwambie mtoto alitazame paa lile la nyasi, kisha mwambie alitafutie ndugu yake: paa la makuti la Unguja, au paa la makarara ya mtende ambalo babu yake alilijua katika vijiji vya Oman. Hilo tayari ni somo la usanifu, na halina ada.

Miaka ya 1930 Trobridge akageuka. Penye njia panda ya Buck Lane na Highfield Avenue kuna majengo ya fleti yaliyojengwa mfano wa ngome, yana minara na kuta zenye meno juu. Moja linaitwa Highfort Court. Hapo si ngome ya vita. Ni nyumba za watu wa kawaida wa mjini. Mtoto aliyeiona ngome ya Nizwa, au ile ya Jabrin aliyoijenga Imam Bil'arab bin Sultan katika karne ya 17 na kuipamba dari zake kwa rangi, atakuwa na la kusema. Muulize: kwa nini mtu ajenge ngome mahali pasipo na adui? Jibu lake litakufurahisha.

Tahadhari moja: ndani ya nyumba hizi wanakaa watu. Tazama ukiwa njiani, usipige picha za madirisha, usiingie uani.

Jengo lililohamishwa kutoka katikati ya mji

Kusini kidogo ya hapo, pembeni mwa barabara iitwayo Old Church Lane, yapo makanisa mawili yanayotumia jina moja la St Andrew. Moja ni la kale, la zama za kati. La pili ni kubwa zaidi, na historia yake ni ya ajabu: lilijengwa katika miaka ya 1840 kwenye mtaa wa Wells Street, katikati ya London. Watu walipopungua kule, likavunjwa jiwe kwa jiwe, likasafirishwa, na kati ya mwaka 1933 na 1934 likasimamishwa tena hapa Kingsbury.

Kwa mpenda sanaa, jambo lenyewe ni kwamba ndani yake zilikusanywa kazi za mabingwa wa mapambo wa Uingereza ya karne ya 19: uchongaji wa mawe, vyuma vilivyofuliwa, vioo vya rangi. Majina kama Pugin, Street na Burges, ambayo wanafunzi wa usanifu huyasoma vitabuni, yamo humo. Msomaji wetu si lazima aingie ndani ili apate faida. Ukuta wa nje peke yake unatosha kumfanya mtoto ajiulize: ukivunja jengo zima, unajuaje jiwe lipi lirudi wapi? Fundi ndiye anayejua. Bila ya fundi, yale yangekuwa mafungu ya mawe tu.

Mawe ya Neasden na milango ya Mji Mkongwe

Kingsbury Road na mitaa ya jirani ina jamii kubwa ya Wahindi wa Kigujarati. Barabarani penyewe kuna hekalu lililofunguliwa mwaka 2014. Lakini kwa nakshi, la kutazamwa zaidi liko Neasden, mwendo mfupi wa gari, lililofunguliwa Agosti 1995. Mawe yake ya chokaa yalitoka Bulgaria, na marumaru yalitoka Carrara, Italia. Yote yalipelekwa kwanza India, ambako mafundi zaidi ya 1,500 waliyachonga kwa mkono. Vipande zaidi ya 26,000 vikapakiwa tena melini hadi London, vikapangwa kama fumbo la watoto.

Ni nyumba ya ibada ya watu wa dini nyengine, na kila familia itaamua wenyewe. Anayeingia kama mgeni anavaa nguo za stara, anavua viatu na hapigi picha ndani. Asiyetaka kuingia, nakshi za nje zinaonekana vizuri.

Kwa nini sisi tusimame hapo? Kwa sababu jengo la pembeni la hekalu hilo lina mbele yake kazi ya mbao za msaji na mwaloni, iliyochongwa kwa mtindo wa zamani wa majumba ya Gujarati. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe atahisi anaijua. Na anaijua kweli. Katika karne ya 19, majahazi yalipokuwa yakienda na kurudi baina ya Muscat, Unguja, Mombasa na bandari za Kutch na Bombay, yalibeba mbao, yalibeba masanduku, na yalibeba mafundi. Milango ya Unguja ilizaliwa kutokana na safari hizo.

Wanaoichunguza milango hiyo hutofautisha mitindo. Ile ya kale ya Kiarabu ina kizingiti cha juu kilichonyooka, na mara nyingi juu yake huchongwa aya za Qur'ani au jina la mwenye nyumba na tarehe. Ile iliyoathiriwa zaidi na India huwa na upinde juu, na nakshi zake zimejaa zaidi, maua na majani yamefumana. Kwenye miimo utaona minyororo, mawimbi, samaki na yungiyungi. Katikati unasimama mfaa, ule mti mrefu unaofunika pale mabawa mawili ya mlango yanapokutana. Njumu za shaba husemwa zilitokana na milango ya India iliyojengwa kuzuia ndovu wa vita; Unguja ndovu hakuwepo, lakini urembo ulibaki.

Basi mtoto wa Muscat anayesimama mbele ya mbao zile za Neasden anatazama tawi moja la mti ambao tawi lake jengine ni mlango wa nyumba ya bibi yake, na jengine ni lile sanduku la njumu za shaba, mandusi, lililowekwa ukumbini kwao Seeb au Al Khuwair.

Kiswahili cha Kingsbury Road

Si mbao tu zilizosafiri. Wengi wa Wahindi wa Brent hawakuja Uingereza moja kwa moja kutoka India. Walikuja kutoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960. Walikuja kutoka Uganda baada ya Agosti 1972, pale Idi Amin alipowapa siku 90 wawe wameshaondoka. Wengine walitoka Tanzania. Walikuja na masanduku machache, na walikuja na Kiswahili.

Dalili iko kwenye menyu. Katika mikahawa ya sehemu hizi utaagiza "mogo", na utaletewa muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Neno ni letu, limepita kinywa cha Kigujarati likatua London. Ukimkuta mzee wa makamo ya babu nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa, jaribu kumsalimia, "Habari za leo, mzee?" Wengine watatabasamu tu. Wengine watakujibu, na hapo hamtaondoka dukani haraka.

Kwa mama na bibi, maduka ya vitambaa ya hapa na ya Ealing Road kule Wembley ni darasa tosha. Muulize muuzaji akuonesheni upande wa ndani wa nguo iliyotariziwa. Kazi ya mashine kwa kawaida imenyooka sawasawa, mshono wa kwanza na wa mia haupitani. Kazi ya mkono, nyuma yake utaona mafundo, uzi unaoruka kutoka ua moja hadi jengine, na tofauti ndogo ndogo. Mtoto akishajua kugeuza nguo na kutazama nyuma, hadanganyiki tena, si London wala si sokoni Mutrah.

Sasa mtoto naye atie mkono

Kutazama kunachosha watoto. Jambo la kufanya ni kuwapa kazi. Nunua bikari, rula na daftari lisilo na mistari, kisha jioni mezani fanyeni hivi:

Chora duara. Usibadilishe upana wa bikari. Weka ncha ya bikari popote juu ya mstari wa duara, uchore duara jengine lenye ukubwa ule ule. Pale yanapokatana, hamisha ncha, chora tena. Endelea kuzunguka. Utaona unarudi pale pale ulipoanzia baada ya mara sita kamili, bila ya kupima chochote, na katikati limejitokeza ua la majani sita. Unganisha ncha za majani kwa rula, ukiruka moja moja, upate pembetatu mbili zilizopandana: nyota ya pembe sita.

Ua lile ndilo lililochongwa kwenye milango ya Lamu na Unguja. Nyota ile, ikirudiwa na kupanuliwa, ndiyo msingi wa mapambo mengi ya misikiti kutoka Morocco hadi India. Mafundi wa zamani hawakuhitaji namba. Walihitaji uzi, kijiti na subira.

Mtu mzima au kijana anayetaka kwenda mbele zaidi, London ina skuli maalumu ya sanaa za jadi huko Shoreditch, inayoendeshwa na The King's Foundation. Ilianzishwa mwaka 1984 na mwalimu wa hesabu za maumbo, Keith Critchlow. Mbali na masomo ya shahada, hutoa kozi fupi kwa watu wa nje katika mambo kama maumbo ya Kiislamu na vigae. Nafasi hujaa, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kukata tikiti ya ndege, siyo baada ya kufika.

Reli ile ile, makumbusho mengine

Uzuri wa kukaa karibu na Kingsbury ni kwamba treni ya Jubilee inakupeleka kwengine kote. Ukishuka Green Park na kubadilisha treni kuelekea South Kensington, utafika makumbusho ya V&A. Kuingia ni bure. Nenda chumba cha sanaa za nchi za Kiislamu, kinachoitwa Jameel. Humo mna zulia la Ardabil, lililofumwa Iran mwaka 946 Hijria, yaani 1539–40. Taa yake huwashwa kwa dakika chache tu kila nusu saa ili rangi zisififie. Waambie watoto wasubiri. Karibu yake imesimama mimbari ya mbao iliyotengenezwa Misri kwa Sultan Qaitbay, vipande vidogo vidogo vimeungana kuwa nyota. Baada ya somo la bikari, mtoto ataitazama kwa macho mengine.

Ukielekea upande wa pili hadi mwisho wa reli, Stratford, kisha basi au mwendo wa miguu ndani ya bustani ya Olimpiki, kuna ghala jipya la V&A lililofunguliwa Mei 2025. Humo imetundikwa dari nzima ya mbao kutoka Torrijos, Hispania, ya karne ya 15, iliyochongwa na kupakwa dhahabu kwa ufundi uliorithiwa kutoka kwa Waislamu wa Andalusi. Kwa wadogo zaidi, makumbusho ya watoto ya Young V&A huko Bethnal Green yalifunguliwa upya Julai 2023, nayo ni bure.

Na kwa wale wanaokaa Kensington, nyumba ya mchoraji Leighton ina ukumbi wa Kiarabu uliokamilika mnamo mwaka 1881, kuta zake zina vigae vya Damascus, na juu yamo maandishi ya mwanzo wa Surat Rahman. Hapo utalipa kiingilio.

Kununua: cha kale au kipya?

Hapa ndipo penye jambo zito. Familia zetu zinapenda vitu vya kale, na si vibaya. Lakini mlango wa kale unaouzwa Ulaya au Ghuba ulitoka mahali. Ulitoka kwenye nyumba, na nyumba ile sasa ina mlango wa bati au mbao za kubandika. Mji Mkongwe wa Unguja umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Lamu tangu 2001, lakini orodha haizuii mbao kung'olewa. Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, upande wake mmoja uliporomoka Disemba 2020. Tukinunua cha kale kila mara, tunalipia kupungua kwa kilichobaki.

Kipya kina hesabu tofauti. Mlango mpya, sanduku jipya au hata fremu ya kioo iliyochongwa Lamu au Unguja inalipa mshahara wa fundi na kijana anayemfundisha. Fundi huchora umbo kwanza kwenye mbao, akakata mipaka kwa patasi na nyundo ya mbao, akachimba chini ili ua libaki juu, kisha akarudi kulainisha majani moja moja. Kazi hiyo haijifunzwi kwa kutazama simu. Anajifunza kijana akikaa karanani miaka. Akikosa wateja, anaacha, anaendesha bodaboda, na ujuzi unakatika hapo hapo.

Ni hivyo hivyo kwa kofia. Kumma ya Oman ni ndugu wa kofia ya Unguja. Ile ya kushonwa kwa mkono, kitobo kwa kitobo, huchukua wiki nyingi. Ya mashine ni rahisi, na ndiyo inayomuondoa mshonaji sokoni.

Kuna pia la sheria. Uingereza ina sheria ya pembe za ndovu ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022. Kununua au kuuza kitu chenye pembe ya ndovu, hata kidogo, ni kosa, ila kwa vitu vichache vya kale vilivyosajiliwa rasmi. Adhabu yafika kifungo cha miaka mitano. Mwaka 2025 sheria ikaongezwa kuhusu meno ya kiboko na wanyama wengine. Kwa hiyo ukiona sanduku, kisanduku cha kohl au mpini wa jambia sokoni London na una shaka, uliza karatasi. Hakuna karatasi, hakuna biashara. Na usibebe kitu cha bibi chenye pembe kwenda nacho kukithaminisha London. Kitaulizwa uwanja wa ndege, kwenda au kurudi.

Mkirudi nyumbani

Kabla ya safari, mpeleke mtoto Bait Al Zubair au Makumbusho ya Taifa mjini Muscat, aone mbao na fedha za kwao kwanza. Ukianza na cha kwenu, cha mwenzako hakikutishi, unakilinganisha. Kisha London mpe daftari lake, achore kitu kimoja kila siku: paa la Slough Lane, meno ya ngome ya Buck Lane, nyota ya Qaitbay.

Na mkirudi, fungua lile sanduku la ukumbini. Muulize bibi lilitoka wapi, nani alilinunua, lilikuja na chombo gani, nani alilirithi kabla yake. Andika, au rikodi kwenye simu. Mbao zitadumu zaidi yetu sote, lakini maneno ya bibi yana umri wake. Ikiwa mtoto amejifunza kuuliza "nani alitengeneza hiki, na kwa mkono gani?", basi nauli ya Kingsbury imeshalipa.